Lishe ya mzee kabla ya upasuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtaalamu wa lishe kwenye wodi ya upasuaji. Maswali haya huulizwa na wagonjwa wenyewe, na zaidi na watoto wao, na mengi nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba najua litakalofuata kabla halijatamkwa. Wengi huanza na usiku wa mwisho: ale mpaka saa ngapi, anywe nini. Majibu yake yamo, sehemu ya tatu. Lakini kama tarehe ya upasuaji bado haijafika, anza juu. Usiku mmoja wa njaa hauwaangushi wazee wengi. Kinachowaangusha ni miezi ya kukonda ambayo hakuna aliyeihesabu.

"Mzee" humu ni mtu wa miaka 65 na zaidi, mama au baba. Timu inayomtibu ikikupa maelekezo tofauti na ya hapa, fuata ya kwao. Wao wana faili lake mkononi, mimi sina.

## Mambo ya msingi

Upasuaji ni kazi ya daktari. Chakula kinahusikaje?

Kupasua ni kuujeruhi mwili kwa makusudi. Mwili haujui kwamba aliyeshika kisu ni daktari. Huchukua hatua zilezile ambazo ungechukua baada ya ajali: huongeza matumizi ya nguvu, huamsha kinga, na hubomoa misuli ili upate malighafi ya kuziba kidonda. Kijana ana akiba ya misuli ya kubomoa. Mzee aliyekonda anaanza na akiba ndogo, kwa hiyo mwili wake unachota kwenye misuli ile ile inayomwinua kitandani, inayomwezesha kukohoa makohozi na kuvuta pumzi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Cleveland, Hiram Studley, alichunguza wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, karibu mmoja katika kila 3 alifariki. Waliopoteza kidogo kuliko hapo, vifo havikufika 4 kwa kila 100. Dawa za usingizi na antibiotiki zimebadilika sana tangu wakati huo, ila kanuni imebaki palepale.

Ongeza na kitanda. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote, na misuli ya miguu yao ikapungua kwa karibu kilo 1. Hao hawakuwa na kidonda wala homa.

Mama anakula kidogo sana siku hizi. Si ndiyo uzee?

Kupungua kwa hamu ya kula huja na umri, hilo kweli. Kukonda bila kukusudia si uzee, ni dalili. Mara nyingi chanzo ni kitu kinachorekebishika: meno ya bandia yanayochubua, choo kigumu cha siku nyingi, dawa inayobadilisha ladha mdomoni, majonzi, au kula peke yake kila siku. Wakati mwingine ni ugonjwa ambao bado haujaonekana. Kwa hiyo usimalizie kwa "ndiyo uzee". Mwambie daktari kabla ya upasuaji.

Nyumbani hatuna mzani. Nitajuaje kama amepungua?

Vitu alivyovaa vitakuambia. Wapo wanaokuja na mshipi uliotobolewa tundu la tatu kwa msumari. Bibi mmoja alikuwa amezungushia uzi pete yake ya ndoa, kwa ndani, mara nyingi mno hata uzi ukawa mnene kuliko pete. Nilipomuuliza ameanza lini, akasema, "Mwaka jana, mwanangu, ilikuwa inanibana." Kwenye faili lake ilikuwa imeandikwa: hali ya lishe nzuri.

Angalia pia meno ya bandia yaliyoanza kucheza, mashimo juu ya mifupa ya mabega, na namna anavyoinuka kwenye kiti: je, lazima ajisukume kwa mikono? Chukua utepe wa fundi cherehani upime shavu la mguu (nyuma, chini ya goti) mahali palipo panene zaidi. Chini ya sentimita 31 ni ishara ya kupungua kwa misuli, isipokuwa kama miguu imevimba, maana maji hudanganya utepe.

Mkipata mzani, fanyeni hesabu ya asilimia. Aliyekuwa kilo 60 akawa 57 amepoteza asilimia 5. Akawa 54, asilimia 10. Kupoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 kunatosha kumfanya apelekwe kwa mtaalamu wa lishe. Zaidi ya 10 katika muda huohuo ni jambo la kuzungumzwa na daktari wa upasuaji mwenyewe.

Baba ni mnene. Yeye hahitaji haya, sivyo?

Anahitaji, na ndiye anayesahaulika. Mafuta yanaweza kubaki mwilini huku misuli ikiyeyuka chini yake. Mtu wa kilo 95 aliyeshuka hadi 84 bila kukusudia bado anaonekana "ana afya", na watu wanampongeza. Kinachopimwa ni alichopoteza na nguvu zake, si ukubwa wa tumbo.

Na BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 20 si ya kawaida?

Kwa kijana, ndiyo. Kwa mwenye miaka 70 na kuendelea, vigezo vya kimataifa vya utapiamlo vinahesabu chini ya 22 kuwa ni uzito mdogo.

Wamepima albumini wakasema iko chini. Nimpe mayai mengi?

Mpe mayai, ila si kwa sababu hiyo. Albumini ni protini ya kwenye damu. Hushuka upesi mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani au maambukizi, hata kwa mtu anayekula vizuri, na ini na figo pia huiathiri. Ikiwa chini ya gramu 30 kwa lita, na ini na figo ni nzima, ni onyo kwamba upasuaji una hatari zaidi. Lakini haipandi kwa sahani mbili tatu za chakula, na haitoshi peke yake kusema mtu ana utapiamlo.

## Wiki zilizobaki

Tuanze lini kumjenga?

Siku mliyoambiwa kwamba atapasuliwa. Wiki 4 hadi 6 ni muda mzuri wa kuona tofauti. Mkiwa na mbili, zitumieni. Kwa aliyedhoofu sana, miongozo ya Ulaya ya lishe ya wagonjwa wa upasuaji inashauri upasuaji mkubwa usogezwe siku 7 hadi 14 ili alishwe kwanza, hata kama ni wa saratani. Familia nyingi husikia "tunasogeza mbele" wakadhani mgonjwa ametupwa. Siku hizo ni matibabu, zikitumika kumlisha. Zikipita bure, hapo mna haki ya kulalamika.

Anahitaji protini kiasi gani, kwa lugha ya chakula?

Lengo la kawaida kwa mzee anayejiandaa na upasuaji ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. (Mwenye ugonjwa wa figo, soma kwanza swali lake huko chini.)

Sasa jikoni. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maziwa mililita 250, gramu 8. Samaki au kuku aliyepikwa, gramu 100, ni kati ya 20 na 30. Maharage au dengu zilizoiva, gramu 100, hutoa 8 au 9. Konzi ya karanga, 7. Chai na mkate mkavu asubuhi hutoa kidogo sana, na hapo ndipo wazee wengi hupoteza siku yao: protini yote inarundikwa kwenye chakula kimoja. Misuli ya mzee ni mizito kuitikia. Gramu 25 hadi 30 kwa kila mlo, mara tatu, humjenga kuliko gramu 70 zilizobebeshwa mlo mmoja.

Kwa hiyo mageuzi makubwa yafanyeni asubuhi. Mayai mawili na kikombe cha maziwa, tayari gramu 20. Uji ukipikwa kwa maziwa badala ya maji, ukasagiwa karanga ndani, unakaribia hapo bila mgonjwa kuona kwamba ameongezewa chochote.

Msisahau nguvu. Akipata protini bila kalori za kutosha, mwili utaichoma kama kuni. Kalori 30 kwa kilo ni makadirio mazuri, yaani 1,800 kwa huyo wa kilo 60.

Anashiba vijiko vitatu. Nifanyeje?

Kwanza acha kumjazia sahani. Sahani iliyojaa humshinda mzee kwa kuitazama tu. Mpe kidogo mara 5 au 6, na kila kijiko kiwe na uzito wake: mafuta kijiko kimoja kwenye mboga, siagi ya karanga kwenye mkate, yai lililopigwa ndani ya supu inayochemka. Maziwa yenyewe yanaweza kuongezewa nguvu: koroga vijiko vikubwa 4 vya maziwa ya unga kwenye nusu lita ya maziwa, tumia hayo kwa chai, uji na viazi vya kuponda siku nzima. Kiasi ni kilekile, protini ni karibu maradufu.

Maji na chai apewe baada ya chakula, si kabla. Na kaa naye ule. Sijui dawa ya hamu ya kula inayoshinda kuwa na mtu wa pembeni.

Hana meno, nyama haiwezi.

Mayai, samaki asiye na miba, nyama ya kusaga, maziwa ya mgando, dengu zilizopondwa. Kusaga kila kitu pamoja mpaka kiwe rojo la kijivu ni kumtesa; saga kila kitu peke yake, akione na akitambue. Meno ya bandia yakiwa yamelegea kwa sababu amekonda, yarekebishwe sasa, maana baada ya upasuaji hamtakuwa na muda huo.

Vile vinywaji vya lishe vya chupa vina maana?

Vina maana kwa asiyeweza kufikia lengo kwa chakula. Chupa ya mililita 200 kwa kawaida ina kalori 300 hadi 400. Kosa linalofanyika ni kumpa chupa badala ya chakula cha mchana, hapo hamjaongeza kitu. Mpe katikati ya milo, anywe taratibu kwa saa nzima kama atataka, ya baridi kama utamu unamkinai. Kama hamvipati, maziwa yaliyoongezewa nguvu ya swali la vijiko vitatu hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Damu yake ni ndogo. Mboga za majani zitatosha?

Peke yake hazitoshi, na muda hautoshi. Kipimo cha kawaida cha upungufu ni hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume na chini ya 12 kwa mwanamke, na timu nyingi za upasuaji hupenda wote wawili wafike 13. Muhimu kuliko vidonge ni swali la kwa nini. Mzee anayepungukiwa chuma huenda anavuja damu kidogo kidogo tumboni. Anaweza pia kuwa amepungukiwa vitamini B12, hasa akiwa ametumia metformin (dawa ya kisukari) au dawa za asidi ya tumbo kwa miaka.

Akiandikiwa vidonge vya chuma, asivinywe na chai wala kahawa. Avitenganishe kwa saa moja au mbili. Tunda chachu huvisaidia kufyonzwa. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke kwa hilo, ila choo cheusi kabla hajaanza vidonge ni cha kumkimbiza kwa daktari. Wiki zikiwa chache, chuma hutolewa kwa dripu.

Apunguze uzito kwanza ili kidonda kipone vizuri?

Kwa mzee, kujinyima kwa wiki za mwisho huondoa misuli pamoja na mafuta, na misuli haitarudi kabla ya tarehe. Isipokuwa timu imempa mlo maalumu wa kalori chache kwa sababu yake, kama inavyofanywa kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo, asijaribu mwenyewe.

Kuna haja ya mazoezi, au apumzike atunze nguvu?

Nguvu haitunzwi kwa kukaa. Protini bila kazi ya misuli ni tofali bila fundi. Kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 10, mara mbili tatu kwa siku, na kutembea kadiri pumzi inavyoruhusu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika: aache, mwone daktari.

Mitishamba na vidonge vya vitamini aendelee?

Vitaje vyote kliniki, hata vile "vya kawaida tu". Vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo na ginseng vinaweza kuongeza kuvuja damu, na ushauri uliozoeleka ni kuacha mitishamba wiki 2 kabla. Kitunguu saumu cha kuungia mboga si tatizo; tatizo ni dozi iliyokolezwa.

Pombe?

Kuacha wiki 4 kabla hupunguza matatizo baada ya upasuaji. Ila anayekunywa kila siku asikatishe ghafla bila daktari kujua. Mwili wake unaweza kupata mtetemo, degedege na kuchanganyikiwa.

Hajala kabisa kwa siku kumi. Si tumlishe kwa wingi sasa?

Hapana, na hili lisomwe polepole. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa chakula, hasa cha wanga, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka ghafla kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Hulishwa hospitalini, damu ikipimwa, akipewa vitamini B1 kabla, na huanza na kiasi kidogo: kwa walio hatarini miongozo ya Uingereza huanzia kalori 10 tu kwa kilo kwa siku. Upendo wa familia kwenye chungu kikubwa cha uji umewahi kuleta madhara hapa.

## Usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake

Kwa nini asile?

Dawa ya usingizi hulegeza kizuizi kinachozuia chakula cha tumboni kurudi kooni, na huzima kikohozi. Kilichomo tumboni kinaweza kuingia mapafuni. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, alieleza jinsi hilo lilivyowapata akina mama waliopewa usingizi wakati wa kujifungua, na kutoka hapo amri ya "asile wala asinywe chochote tangu usiku wa manane" ikaenea duniani. Kwa chakula, tahadhari bado ipo. Kwa maji, tumejifunza kwamba ilizidi.

Saa ngapi hasa?

Chakula chenye mafuta mengi, cha kukaanga au nyama: masaa 8 kabla. Mlo mwepesi, kama mkate na chai: masaa 6. Vinywaji vyepesi unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi, yaani maji, chai ya rangi, kahawa isiyo na maziwa, juisi ya tufaha isiyo na nyama ya tunda: masaa 2. Hospitali yenu inaweza kuwa na ratiba yake.

Sasa tahadhari inayotuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili. "Asile saa sita" inaweza kumaanisha masaa sita kabla, au saa sita usiku, au saa sita mchana. Na "asinywe saa mbili kabla" nimeikuta imeandikwa kwenye daftari la familia kama "anywe mpaka saa 2 asubuhi", wakati upasuaji ulipangwa saa 3. Simu nayo inaonyesha 08:00, mtu akasoma saa nane. Usiondoke kliniki bila karatasi yenye mistari miwili: chakula cha mwisho, saa fulani ya usiku au alfajiri, maji ya mwisho, saa fulani ya asubuhi. Isome kwa sauti mbele ya muuguzi.

Chai ya maziwa ni maji au ni chakula?

Hesabu kuwa ni chakula. Maziwa yakikutana na asidi ya tumbo huganda, na tumbo huyashughulikia kama mlo: masaa 6. Miongozo ya Ulaya imeruhusu maziwa kidogo, yasiyozidi sehemu moja ya tano ya kinywaji, lakini hilo liamuliwe na daktari wa usingizi, si na aliyeshika birika.

Kama maji yanaruhusiwa, si salama zaidi kumnyima tu?

Kwa mzee, hapana. Kiu yake ni hafifu, kwa hiyo hatakuambia kwamba amekauka. Aliyekauka huingia chumba cha upasuaji presha ikiwa chini, mishipa imejificha, sindano inachomwa mara nne, na uwezekano wa kuchanganyikiwa baadaye unapanda. Mpe glasi yake ya mwisho kwa saa iliyoandikwa, hata kama itabidi kumwamsha. Baadhi ya hospitali Uingereza sasa huwaacha wagonjwa wanywe mafunda ya maji hadi waitwe. Usiige nyumbani, ila uliza kama kwenu wanafanya hivyo.

Nimesikia kuna kinywaji cha wanga kabla ya upasuaji.

Kipo. Ni maji yenye wanga kiasi cha gramu 50 katika mililita 400, hunywewa masaa 2 kabla, wakati mwingine na mililita 800 jioni yake. Hupunguza kiu, njaa na wasiwasi, na hufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi baada ya upasuaji. Si kila upasuaji unakihitaji. Soda si mbadala. Mwenye kisukari asikinywe bila kuelekezwa.

Dawa zake za asubuhi?

Nyingi za presha, moyo na kifafa humezwa kwa funda la maji, nyingine husimamishwa. Orodha hutoka kwa daktari wa usingizi. Za kisukari zina swali lake.

Ni ganzi ya mgongo tu. Bado afunge?

Ndiyo, masaa yaleyale. Ganzi inaweza kushindwa, au upasuaji ukarefuka, wakahitaji kumlaza.

Amekula kwa kusahau. Tunyamaze?

Msinyamaze. Kuahirisha siku moja ni kero. Chakula mapafuni ni msiba. Semeni alikula nini, kiasi gani, saa ngapi. Pipi na chingamu pia zitajwe, ingawa mara nyingi hazizuii upasuaji.

Tumefika, wanasema zamu yake imesogea mchana.

Hapa ndipo wazee huumia kimyakimya. Nimemwona mzee wa miaka 81 akikaa na tumbo tupu tangu jioni ya jana mpaka alasiri ya siku ya pili, akaahirishwa, akaambiwa arudi kesho na afunge tena. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshampa kitu. Zamu ikisogea, uliza maswali mawili palepale: anaweza kunywa maji sasa, mpaka saa ngapi? Akiahirishwa kabisa, ale dakika hiyo, si baada ya karatasi kukamilika.

## Hali za pekee

Ana kisukari.

Omba awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi, ili njaa iwe fupi. Dozi za insulini hubadilishwa, hazifutwi kiholela. Dawa ambazo majina yake huishia na "gliflozini" kwa kawaida huachwa siku 3 kabla, nyingine 4, kwa sababu zinaweza kuleta asidi hatari kwenye damu hata sukari ikisoma vizuri. Sindano za aina ya semaglutide huchelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo mtajieni daktari wa usingizi mapema. Huenda akataka vinywaji vyepesi tu kwa saa 24 za mwisho. Sukari ikishuka wakati amefunga, itibiwe mara moja na timu ijulishwe. Hakuna upasuaji unaostahili kusubiriwa na sukari iliyoanguka.

Figo zake ni dhaifu na aliambiwa apunguze protini.

Msiongeze wala kupunguza wenyewe. Ambaye hajaanza kusafishwa damu huwekewa kikomo. Anayesafishwa huhitaji protini zaidi, si pungufu. Karibu na upasuaji kikomo hicho mara nyingi hulegezwa kwa muda, na anayeamua ni daktari wa figo. Juisi na chupa za lishe zina potasiamu, ziulizie.

Anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Mboga za majani aache?

Aendelee kiasi alichozoea. Vitamini K ya mboga hupunguza nguvu ya dawa; kuziacha ghafla huipandisha, na kuzifakamia ghafla "ili damu iongezeke" huishusha. Yote mawili huvuruga kipimo cha kuganda kwa damu wiki ambayo kinahitajika kutulia.

Amevunjika nyonga, atapasuliwa kesho. Yote haya tumeyakosa?

Wiki za maandalizi, ndiyo, na upasuaji usisubiri lishe. Nyonga hupasuliwa siku hiyo au ya pili yake. Kilichobaki ni kuzuia njaa isirundikane. Mgonjwa wa nyonga mara nyingi alianguka usiku, akalala sakafuni, hajanywa kitu tangu jana. Mwambieni muuguzi saa ya chakula chake cha mwisho cha kweli. Jioni ale vizuri, pamoja na chupa ya lishe kama ipo, na maji mpaka saa anayoruhusiwa. Jambo la albumini na misuli litashughulikiwa baadaye, kuanzia mlo wa kwanza baada ya upasuaji.

Alipata kiharusi, maji humpalia.

Basi "vinywaji vyepesi hadi masaa 2" hakimfai kama kilivyo. Maji yaliyokolezwa uzito hayahesabiwi kuwa mepesi. Mwambieni daktari wa usingizi siku ya kliniki, aandike ratiba yake peke yake. Huenda akahitaji dripu.

Ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa.

Levodopa, dawa ya ugonjwa huo, isirukwe; kuchelewa kwa masaa machache humkakamaza asiweze hata kumeza. Vyakula vya protini hushindana na dawa hii, kwa hiyo aimeze nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, na protini ya siku ipangwe kuzunguka dozi.

Analishwa kwa mpira.

Chakula cha mpirani ni chakula. Kisimamishwe kwa masaa mtakayopewa, na mpira usafishwe kwa maji.

Kumbukumbu imemtoka. Usiku anaamka anatafuta chakula.

Mtu alale naye chumba kimoja, na vilivyo mezani viondolewe kabla hajalala. Mpe mlo mzuri mwishoni kabisa mwa muda anaoruhusiwa, si saa moja jioni ilhali angeweza kula mpaka saa nne. Asubuhi msile mbele yake. Akikuuliza mara ya kumi kwa nini hapewi chai, mjibu kama ni mara ya kwanza, na saa ya maji ikifika mpe glasi mkononi.

Hana ugonjwa mwingine, ila tangu aambiwe tarehe amekataa kula.

Muulize anaogopa nini. Usianze na chakula. Mzee mmoja alikaa wiki mbili akirudisha sahani, tukambadilishia hiki na kile, mpaka binti yake alipomuuliza hilo swali. Jirani alikuwa amemwambia kwamba tumbo likiwa na kitu, hata cha wiki iliyopita, hataamka. Tulimchorea tumbo kwenye karatasi na kumwonyesha chakula kinavyotoka ndani ya masaa. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akauliza kama yale mayai ya asubuhi bado yapo.